Jina Tumeshatoa, Sasa Tupime

Tangu Desemba 2019, nyota iliyokuwa ikijulikana kwa namba tu, WASP-71, inaitwa Mpingo katika orodha ya Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia, na sayari inayoizunguka inaitwa Tanzanite. Umoja huo ulikuwa unaadhimisha miaka 100, ukazipa nchi zilizoshiriki nyota moja moja na sayari yake zizipe majina. Tanzania ilipata hiyo WASP-71; Kenya nayo ilipata HD 83443 na sayari yake, zikaitwa Kalausi na Buru. Ni heshima, sikatai. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na katika kulea tumelala. Hoja yangu ni kwamba sayari za aina ya Tanzanite ndizo mlango wa bei nafuu kuliko yote wa kuingilia sayansi ya anga, na vyuo vyetu vinaweza kuupita bila kusubiri mfadhili mkubwa.

Kwanza tuijue yenyewe. Tanzanite ina uzito unaozidi mara mbili ule wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazozunguka Jua letu, na umbo lake limevimba kwa joto hadi kipenyo chake kikakaribia mara moja na nusu ya Mshtarii. Haina ardhi ya kukanyaga, ni gesi. Mshtarii huchukua karibu miaka 12 kumaliza mzunguko mmoja, lakini Tanzanite humaliza wake kwa siku 2.9, kwa kuwa inazunguka karibu sana na nyota yake, mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 1,500 za Selsiasi. Wataalamu huziita sayari za namna hii Mshtarii moto. Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza ya kwanza, 51 Pegasi b, Oktoba 1995, wengi walisita kuamini, kwa sababu nadharia ilisema majitu ya gesi huundwa mbali na nyota, kwenye baridi. Wapo waliodai kwamba hapakuwa na sayari yoyote, ni nyota tu iliyokuwa ikitetemeka.

Ubishi huo ulizimwa na kipimo ambacho hata mwanafunzi anaweza kukielewa. Septemba 1999, David Charbonneau na wenzake waliielekezea nyota ya HD 209458 darubini yenye upana wa sentimita 10 hivi, ndogo kuliko sahani ya chai. Walipiga picha mfululizo, wakalinganisha mwanga wa nyota hiyo na wa majirani zake, wakauona unapungua kwa asilimia moja na nusu hivi kwa muda wa saa tatu, kisha ukarudi ulivyokuwa. Sayari ilikuwa imepita mbele ya nyota, tukio liitwalo mpito. Mradi wa WASP, uliogundua Tanzanite, nao ulitumia lenzi za kamera za kawaida zilizofungwa Sutherland, Afrika Kusini, na La Palma katika visiwa vya Kanari. Hapo ndipo ukaribu wa sayari hizi unapotufaa. Ukizichukua kumi za aina hii, moja hivi mzunguko wake umelala kiasi kwamba huipita nyota yake mbele ya macho yetu. Iliyo mbali kama Mshtarii, nafasi hiyo ni kama moja kwa elfu. Na ukikosa mpito wa leo, mwingine unakuja baada ya siku mbili au tatu, si baada ya miaka 12.

Sisi wa Afrika Mashariki tumewahi kuwa hapa awali. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru. Ilichora ramani ya kwanza ya anga lote kwa miale hiyo, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi yake, alikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Bahari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu. Takwimu zilisomwa Marekani, na wanafunzi waliokua nazo wakawa mabingwa wa huko. Sidhani kulikuwa na hila. Wakati ule kifaa chenyewe kilikuwa nje ya uwezo wetu. Leo kisingizio hicho hakipo. Darubini ya kipenyo cha sentimita 30 pamoja na kamera yake haifikii bei ya gari moja jipya la kiongozi, na magari hayo hatujawahi kushindwa kuyanunua.

Atatokea wa kuuliza, na ana haki: shule hazina madawati, sayari isiyokalika inatuhusu nini? Lakini anayepima mpito wa sayari hajifunzi sayari peke yake. Anajifunza kutofautisha ishara na kelele, kuandika programu ya kuchambua picha mamia, na kusema kwa namba ana uhakika kiasi gani. Ni stadi zile zile zinazotakiwa na benki, mamlaka ya hali ya hewa na maabara ya hospitali. Hata asiye na darubini anaweza kuanza: takwimu za darubini za angani Kepler na TESS zimewekwa kwenye intaneti bila malipo, na kompyuta ya mkononi ya kawaida inatosha kuzichambua.

Mwingine atasema yote yameshapimwa na wakubwa. Hapana. Muda wa mzunguko una kosa dogo, na kosa hilo hujumlishwa kila mzunguko hadi, baada ya miaka kadhaa, saa iliyotabiriwa ya mpito haiaminiki. Darubini ya angani yenye foleni ndefu haiwezi kupoteza muda ikingoja sayari iliyochelewa, ndiyo maana wanaotayarisha Ariel, darubini ya Ulaya ya kuchunguza angahewa za sayari hizi, wanapokea vipimo vya watu wenye darubini ndogo. Na kupimapima huko kwa subira ndiko kulikoonyesha kwamba WASP-12 b inaikaribia nyota yake: muda wa mzunguko wake unapungua kwa takriban sehemu 30 za elfu za sekunde kila mwaka. Bila kumbukumbu za zaidi ya mwaka mmoja au miwili, nani angeliona hilo?

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni kwamba Tanzanite yenyewe si rahisi. Mpingo ina kipenyo zaidi ya mara mbili ya Jua, kwa hiyo sayari inapopita hufifisha chini ya nusu asilimia ya mwanga, tena mpito wenyewe huchukua saa tano hivi. Buru nayo iligunduliwa kwa njia nyingine kabisa, ya kupima jinsi nyota inavyoyumba, na njia hiyo inataka mitambo ya gharama. Basi tusianzie hapo. HD 189733 b huipunguzia nyota yake mwanga kwa zaidi ya asilimia mbili kila baada ya siku 2.2, na huwa juu angani usiku wa Julai na Agosti, wakati wa kipupwe. Wanafunzi wakizoea hiyo, wataiweza Mpingo Oktoba na Novemba, inapopita karibu na utosi wa Dodoma, nje ya taa za mji, kabla mvua hazijaanza huko. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mpito wa saa tano unaweza kunaswa wote, na nafasi ikabaki ya kupima mwanga kabla na baada yake.