Mji kasoro bahari

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya karibu wiki mbili, na wapo walioanza kuniuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikwenda Morogoro kupumzika siku mbili, nikarudi na jambo lililonikaa kooni, nikawa sijui nilianzie wapi.

Nianze na mapumziko yenyewe. Sisi watu wa Dar tukisema "kwenda kutalii" tunafikiria Zanzibar au Serengeti, halafu tunapiga hesabu ya gharama na kubaki nyumbani tukiangalia mpira. Morogoro tunaijua kwa dirisha la basi. Unafika Msamvu, unanunua maji na korosho, unaendelea na safari yako ya Iringa au Dodoma. Mlima upo pale pale, umekaa juu ya mji kama ukuta, na hatuuulizi habari zake.

Sasa hivi hatuna kisingizio. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inakupeleka huko kwa muda usiofika saa mbili, na nauli waliyoanza nayo ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000. Niliondoka asubuhi, na saa za chakula cha mchana nilikuwa nakula ugali na kuku wa kienyeji mjini, mwenye mgahawa akipiga nyimbo za Mbaraka Mwinshehe. (Huyu mtu alifariki 1979 na bado Morogoro anaimba kila siku. Wanamuziki wa leo wajiulize.)

Wenyewe wanauita mji wao "mji kasoro bahari". Wana mlima, mito, matunda, chuo kikuu cha kilimo na muziki, kilichokosekana ni bahari tu. Nilikuwa nauona kama mzaha wa watu wanaoipenda kwao. Nimebadili mawazo, nitawaambia kwa nini.

Siku ya pili nilipanda Morningside na kijana mmoja wa kule kule anayeongoza wageni. Morningside ni nyumba ya zamani ya enzi za Mjerumani, iko mlimani, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Njia inapita katikati ya mashamba. Wewe unapanda unahema, unapishana na akina mama wanaoshuka sokoni na vikapu vya karoti na kabichi kichwani, wanapiga soga kama vile wako barabara tambarare. Niliona aibu ya mwili. Aibu nyingine ilikuwa inanisubiri mbele.

Juu kidogo tulipumzika karibu na kijito, kwenye shamba la bibi mmoja. Nikamwamkia. "Marahaba, mjukuu wangu. Unatoka Dar?" Nikamjibu ndiyo. "Maji yanafika huko?" Nikamwambia yanafika, siku nyingine hayafiki. Akacheka, akaonyesha jembe lake. "Basi ndiye mimi ninayesemwa kuwa nayakausha."

Sikucheka. Oktoba 2022, Dar ilipoingia kwenye mgawo wa maji kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua, niliandika makala kwenye gazeti moja kuhusu wakulima wa Uluguru wanavyoharibu vyanzo vya maji. Nilipiga simu tatu nikiwa mezani kwangu, zote kwa watu wa ofisini. Sikupanda mlima wala sikumtafuta mkulima hata mmoja. Makala ilipendwa.

Kijito tulichokaa kando yake kinashuka mpaka Mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na maji mengi ya mabomba ya Dar yanachotwa Ruvu. Yanayobaki yanaingia bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo mji huo usio na bahari ndio unaoipelekea bahari maji, na njiani unatunywesha sisi.

Bibi akaniambia kitu kingine. "Mama yangu aliambiwa achimbe matuta. Mimi naambiwa nisilime. Wa kuja kuuliza tunakula nini bado hajafika." Shamba lile ni la ukoo wa mama yake, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama.

Hayo matuta yana historia. Miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza iliwalazimisha Waluguru kukata milima kwa ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na mahali pengi udongo wa chini usio na rutuba ukaja juu, mazao yakawa mabaya kuliko mwanzo. Mwaka 1955 watu wakachachamaa huko Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akafa. Kumbe mkulima wa Uluguru amekuwa mshitakiwa tangu kabla ya uhuru, na mimi mwaka 2022 nilikuwa shahidi mwingine tu wa upande wa mashitaka.

Nisieleweke vibaya. Mmomonyoko upo. Nimeona mashamba kwenye mteremko ambao hata mbuzi angefikiria mara mbili, na bwawa la Mindu linapokea tope mwaka hadi mwaka. Msitu wa juu, ambao tangu 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia, lazima ulindwe. Kuna ndege kule ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Moto wa kiangazi hauna utetezi. Ila tunamwambia mtu mwenye robo eka aiache kwa faida ya watu milioni kadhaa wa Dar, halafu hao milioni hawamlipi hata senti. Huo sio uhifadhi, ni kumtwisha maskini mzigo wetu.

Na wala sio wazo jipya. Kuanzia 2006 mashirika ya CARE na WWF yalijaribu mpango upande wa Kibungo: mkulima anayetunza udongo kwa matuta na miti analipwa, na wanunuzi wawe watumiaji wa maji wa huku chini, yaani DAWASCO ya wakati ule na kampuni ya Coca-Cola. Wakulima walilipwa kweli. Lakini ulikuwa mradi, na miradi ina mwisho. Mimi nasema iwe sheria: kwenye kila ankara ya maji ya Dar, kiasi kidogo kiende moja kwa moja kwenye vijiji vya mlimani, kionekane kimeandikwa pale. Tunalipa tozo ngapi ambazo hatujui ziendako? Hii angalau unaweza kupanda treni ukaikagua mwenyewe.

Nilinunua karoti za bibi, nyingi kuliko ninazoweza kula. Alitaka kunipunguzia bei nikakataa, tukabishana mpaka kijana akasema tutashukia gizani.

Niliporudi nilimwomba mhariri nafasi ya kuandika upya ile habari ya 2022, safari hii na sauti za wakulima. Akanijibu kwa ujumbe wa simu: "Ya Uluguru tulishatoa." Ndiyo maana mnaisoma hapa.