Kusoma si Kuhashia: Maoni Kuhusu Istilahi Moja ya Jenomu

Mkulima wa miwa wa Ruhembe, wilayani Kilosa, akiambiwa kwamba jenomu ya kloroplasti ya muwa "imesomwa", ana haki ya kuuliza imesomwa kwa maana gani. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walichapisha mfuatano wa jenomu hiyo kutoka aina ya NCo 310, iliyo ukoo mmoja na NCo 376 iliyolimwa kwa miaka mingi katika bonde la Kilombero. Mfuatano huo una herufi 141,182. Hata hivyo, herufi si maneno.

Kazi ya kuonyesha kila jeni inaanzia wapi, inakomea wapi na inaitwaje husaidiwa na programu za kompyuta: DOGMA (2004), MITOS (2013) kwa mitokondria za wanyama, na GeSeq (2017), hasa kwa kloroplasti. Aghalabu programu hizi hulinganisha mfuatano mpya na ile iliyokwisha kuelezwa. Wanaleksikografia tunaijua hatari yake: anayenakili fasili ya kamusi iliyotangulia hurithi na makosa yake. Tena muktadha hubadili maana. UGA, ambayo katika jeni za kiini huamuru protini ikome, katika mitokondria za binadamu hutaja triptofani. Jeni rpl2 ya mahindi nayo huanza na ACG katika DNA, kisha hurekebishwa kuwa AUG katika RNA. Programu itafutayo mwanzo wa kawaida tu huweza kuikosea mpaka wake. Kwa hiyo jicho la mtaalamu bado lahitajika.

Je, kazi hii tuiiteje? "Tafsiri" haifai, kwani wanabiolojia wanaihitaji kwa hatua ya RNA kuunda protini. "Ufafanuzi" ni pana mno. Tunapendekeza kitenzi "kuhashia" na nomino "uhashiaji", kutokana na "hashiya", yaani pambizo. Mwenye kuhashia haubadili matini. Huandika kando yake maelezo ambayo msomaji wa baadaye aweza kuyapinga. Hiyo ndiyo hadhi halisi ya matokeo ya programu hizi.

Huenda ikadaiwa kwamba vijana hawalijui neno hilo. Hoja hiyo haitoshi. Istilahi hufundishwa, na TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 haikungoja kila neno lizoeleke kwanza.

Suala hili si la maneno matupu. Kloroplasti, ambayo kwa kawaida hurithiwa upande wa mama, yaweza kutuambia nasaba ya muwa. Lakini sifa zake nyingi, ukinzani dhidi ya fugwe ukiwamo, hutegemea zaidi jeni za kiini. Mkulima aambiwaye kwamba muwa wake "umesomwa" aweza kutarajia dawa ya fugwe. Akiambiwa kwamba jenomu ya kloroplasti imehashiwa, atauliza ni nani aliyehashia, kwa kufuata kielelezo kipi. Hayo ndiyo maswali ambayo sayansi kwa Kiswahili haina budi kumwezesha kuyauliza.