Taa ya Nyuma si Pambo

Baiskeli ndiyo miguu ya mwananchi katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba. Hubeba majani ya ng'ombe, ndizi za sokoni na mtoto wa skuli. Lakini kwetu jua likishatua kiza huingia upesi, na wapandaji wengi huonekana barabarani bila ya taa yo yote nyuma.

Jambo hili ni la hatari. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kwa kila sekunde. Dereva akichelewa kumwona mpandaji kwa sekunde mbili tu, mita 33 zimekwisha. Rifleka hung'aa pale tu inapomulikwa, na taa ya dainamo ya kizamani huzimika baiskeli inaposimama. Kwa hiyo mnunuzi achague taa nyekundu ya betri, yenye mwanga mkali na isiyoingia maji ya masika, aifunge kwenye madigadi, chini ya mzigo. Taa iliyofunikwa na tita la majani ni sawa na kutokuwa na taa.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani unataka baiskeli iweze kuonyesha taa nyekundu nyuma. Tunawaomba wahusika Serikalini wahakikishe kuwa taa madhubuti zinapatikana madukani kwa bei anayoimudu mkulima, kabla ya kufikiria faini. Nasi wapandaji tusingoje kulazimishwa. Taa hununuliwa, roho hainunuliwi.