Mshairi Hahitaji Bustani

Siku ya wazazi katika shule moja huku Kawangware, mgeni wa heshima alishika maikrofoni akatusimulia safari yake ya Uingereza. Alifika Cockermouth, akaingia nyumba alimozaliwa mshairi William Wordsworth mwaka wa 1770, akatembea katika bustani iliyo kando ya mto Derwent. Hayo sina neno nayo. Kisha akawageukia watoto waliokaa juani tangu asubuhi (hema tulilochangia wazazi lilikuwa la wageni), akasema ushairi unataka utulivu, na ndiyo sababu Kibera na Kawangware hazitoi washairi. Wazazi wakapiga makofi. Makofi hayo ndiyo yaliyonichoma.

Mgeni alilipa kiingilio lakini nadhani hakusikiliza maelezo. Nyumba ile haikuwa ya akina Wordsworth. Baba mtu alikuwa wakili wa tajiri James Lowther, na nyumba ilikuwa ya Lowther. Mama akafariki mvulana akiwa hajatimiza miaka 8. Baba naye akafariki mwaka wa 1783, watoto wakahama, wakagawanywa kwa jamaa. Lowther alikuwa akidaiwa na marehemu deni kubwa, akakataa katakata kulilipa mpaka akafa mwaka wa 1802. Yatima, nyumba ya wenyewe, tajiri asiyemlipa aliyemfanyia kazi: hiyo ni Cockermouth au ni Gatwekera ya Kibera?

Na yale maua ya manjano ya shairi lake tuliyokaririshwa darasani bila kuyaona hata siku moja? Wordsworth hakuyaona katika bustani hiyo. Aliyaona kando ya ziwa Ullswater, akiwa na dada yake Dorothy, ambaye aliyaandika kwanza katika shajara yake. Sifa akapewa kaka, kama kawaida.

Lakini kwa nini twende mbali? Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa mwaka wa 1969 kwa sababu ya kijikaratasi alichokiita "Kenya: Twendapi?" Alikaa ndani hadi 1972, peke yake katika seli, akatunga mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ndiyo yaliyokuja kuwa kitabu cha Sauti ya Dhiki. Bustani ilikuwa wapi? Ndege walikuwa wapi? Mshairi Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha. Nionyesheni maua ya forodhani.

Najua nitajibiwa kwamba kelele za matatu zinavuruga mizani. Ati mtoto wa Makina, Kibera, hawezi kuhesabu silabi kwa sababu ya honi! Mtoto huyo anamsikia makanga akipanga vina kuanzia alfajiri, nyumba ya pili wanaombea mgonjwa, ya tatu wanagombania kodi. Anayekosa cha kuandika hapo, hata ukimpa ekari 10 za maua atalala tu.

Tena mgeni hakutuambia jambo moja. Katika miaka ya 1930, nyumba hiyo ya Wordsworth ilinusurika kubomolewa ijengwe stendi ya mabasi. Wenyeji walichanga pesa wakainunua. Hapa kwetu, Julai 2018, matingatinga yaliingia Kibera kubomoa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Maelfu ya watu walikosa pa kulala, na shule nazo zikabomolewa, watoto wakasimama kando na madaftari yao. Kama mmoja wao atakuja kuwa mshairi mkubwa, watalii watapelekwa kuona lami.

Walimu wakuu, nawaomba: siku nyingine ya wazazi, watoto wasome mashairi waliyotunga wenyewe kwanza, wakiwa chini ya hema. Mgeni wa heshima azungumze mwisho, kwa dakika 5, akiwa amesimama juani.