Ratiba Hailiwi

Hosteli zetu zina majibu mawili tu kwa mtu aliyelemewa. La kwanza: "Jipange, mbona wenzako wanaweza?" La pili: "Mfumo ndio mbovu, sasa utafanyaje?" Yote mawili siyataki. La kwanza linamtwisha mtu mzigo wote, hata ule asioufunga yeye. La pili linampa pole, kisha linamwacha palepale kitandani.

Sisi wa Elimu tunasoma unasihi kwa sababu kesho tutakaa na watoto wa watu. Humo tunakutana na William Glasser, daktari wa akili wa Marekani, ambaye tangu mwaka 1965 alisisitiza wajibu wa mtu binafsi: unafanya nini sasa, na je, kinakusaidia? Swali zuri. Miaka miwili baadaye Salvador Minuchin na wenzake wakatoa kitabu kuhusu kazi yao na wavulana wa familia maskini, New York. Wao hawakumkalisha mtoto peke yake, waliita familia nzima. Ukimsoma mmoja bila mwenzake, utatoka na nusu ya somo.

Lakini walioniridhisha zaidi ni bibi wa Harare. Mwaka 2006, pale Mbare, Dk. Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliofundishwa kusikiliza wagonjwa kwenye benchi, nje ya kliniki. Kwa Kishona huko kuwaza kupita kiasi kunaitwa kufungisisa. Bibi hakwambii acha kuwaza. Anakuuliza kinachokuwazisha, mnakitaja chote, mnachagua kimoja, na huondoki bila hatua ya kuanzia. Baadaye unakaribishwa kwenye kikundi cha wenzako, mnapeana moyo huku mnafuma mikoba ya kuuza. Njaa inahesabiwa kuwa njaa, haigeuzwi kuwa fikra potofu.

Sasa tujitazame. Mtu wa mwaka wa pili, bumu limechelewa, anakula mlo mmoja, halali, kipindi cha saa moja asubuhi kinampita. Anakwenda kwa mshauri, anafundishwa kuvuta pumzi na kupanga ratiba. Sawa, pumzi inatuliza. Ila ratiba hailiwi, jamani.

Simaanishi hana lake la kufanya. Kama hakwenda kusaini, hilo ni lake. Kumwona mwalimu kabla ya jaribio, na si baada ya kupata sapu, ni lake pia. Wapo watakaosema ukimtajia mtu mfumo unampa kisingizio. Mbona yule bibi anautaja umaskini, na bado anakudai hatua? Mtu akishajua kipi si chake, kile kilicho chake kinabebeka.

Na mshauri naye ana wajibu. Siri za watu azitunze, hilo halina mjadala, lakini siri haimzuii kuhesabu. Wakija kumi ndani ya mwezi mmoja na shida ileile ya hela, hiyo si shida ya vichwa kumi. Ni barua inayosubiri kuandikwa kwa uongozi wa chuo.

Kwa hiyo waziri wetu wa mikopo kwenye serikali ya wanafunzi, nina ombi. Kabla ya kufunga muhula huu, nenda ofisi ya ushauri ukaombe idadi tu, bila jina hata moja. Wangapi walikuja kwa sababu ya fedha? Ukiipata, ibandike kwenye ubao wa matangazo pale kantini.