Walisema Madem Hawauzi! Cheki Venye Wanda Jackson Alizungushwa na Hii Story Maisha Yake Yote

Wasee, mnakumbuka ile saga ya nyanya? 2015, mshauri wa redio Marekani anaitwa Keith Hill alishauri stesheni za kantri zipunguze nyimbo za wanawake zikitaka wasikilizaji. Akaeleza kwa mfano wa saladi: wanaume ndio majani, wanawake ni nyanya za kuweka juu kidogo. Wasanii wa kike walimchemkia vibaya sana, na haki walikuwa nayo.

Lakini manze, hiyo story si mpya. Wanda Jackson aliipata ikiwa moto 1954.

Huyu dem alizaliwa 1937 huko Maud, Oklahoma. Akiwa bado high school, staa wa kantri Hank Thompson akamskia kwa redio, akampenda, akajaribu kumwingiza lebo yake ya Capitol. Prodyuza wa hapo, Ken Nelson, akakataa. Sababu, kulingana na Wanda mwenyewe: wasichana hawauzi rekodi. Sawa. Akaenda Decca, akarekodi na Billy Gray "You Can't Have My Love", na ngoma ikapanda hadi nambari 8 kwa chati ya kantri. Alikuwa na miaka 16. Miaka miwili baadaye, nani alimsaini? Capitol. Prodyuza? Ken Nelson yule yule!

Katikati hapo ndio Elvis Presley anaingia. 1955 Wanda alipiga shoo na yeye, babake akiwa dereva na meneja, kwa hivyo usianze kuwaza vibaya. Walideti kiasi, Elvis akampa pete, lakini kile alimpa cha maana zaidi ni ushauri: wacha kantri pekee, jaribu hii roki mpya. Wanda aliona hiyo ni mambo ya vijana wa kiume. Akajaribu, na ile sauti yake ya kukwaruza ikatoka. Kama hujawahi kuiskia, tafuta, utashangaa ni ya mwaka gani.

Mavazi nayo ilikuwa kesi ingine. Mamake, Nellie, alikuwa fundi wa nguo, akamshonea gauni za kubana zenye nyuzi zinaning'inia, mabega nje. Wanda akafika Grand Ole Opry, ile shoo kubwa ya kantri kule Nashville, na dakika chache kabla apande steji Ernest Tubb akamwambia hawezi kuimba mabega yakionekana. Akavaa jaketi, akaimba na hasira, akaapa harudi. Wakati huo Elvis anatingisha kiuno kwa runinga na analipwa doh ya nguvu. Ni kweli Elvis pia alisemwa, lakini ngoma zake zilichezwa.

Na hapo ndio siri iko. Cheki "Fujiyama Mama" ya 1957. Marekani redio zikainyamazia. Japani ikafika nambari moja, na ni wimbo unataja Hiroshima na Nagasaki! Wanda akaenda kupiga shoo huko 1959, akapokelewa kama malkia. Ama chukua "Let's Have a Party". Elvis alikuwa ameuimba kwa filamu yake ya 1957. Wanda akaurekodi 1958, ukawekwa kwa albamu, ukakaa hapo kama kiporo. Halafu DJ mmoja wa Iowa akaanza kuucheza, watu wakauliza huyu ni nani, Capitol wakakimbia kuutoa kama singo 1960. Ukaingia nafasi ya 37 kwa chati kubwa ya Marekani. Wimbo ni ule ule, sauti ni ile ile. Kitu kilibadilika ni kwamba mtu aliuweka hewani.

Sasa rudi kwa yule mzee wa nyanya. Stesheni ikicheza madem wachache, wasikilizaji hawawajui, hawanunui, halafu boss anatoa karatasi ya mauzo kama ushahidi. Unamnyima mtu chakula halafu unamcheka amekonda?

Wanda alirudi kantri 1961 na "Right or Wrong" ikafanya poa. 1971 akaokoka, akaingia sana kwa nyimbo za injili. Miaka ya themanini wazungu wa Skandinavia ndio walimrudisha kwa rokabili, tena nje ya nchi yake, kama kawaida.

Heshima nayo? Elvis aliingia Rock and Roll Hall of Fame 1986, kundi la kwanza kabisa. Wanda aliingia 2009, baada ya Elvis Costello kumpigia kampeni. Miaka 23 kati yao! Na hata hapo wakamweka kwa kitengo cha walioshawishi wengine mapema, si kile cha wasanii wenyewe.

Hakungoja wamalize kubishana. 2011 alitoa albamu na Jack White, akaacha shoo 2019, halafu 2021 akaachilia "Encore", Joan Jett akiwa kati ya maprodyuza. Alikuwa na miaka 83. Ianze na hiyo ukishuka mtaani leo, kisha urudi nyuma hadi 1957, sauti juu.