Hakuna Aliyezaliwa na Shabaha

Nimechoka kusikia watu wazima, tena walimu wenzangu, wakisema kwamba Mhadzabe wa Ziwa Eyasi huzaliwa na shabaha. Wanadhani wanamsifu, kumbe wanamnyang'anya jasho lake.

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupewa upinde mdogo angali na miaka mitatu hivi, upinde unaolingana na mikono yake. Mshale wake ni kijiti kilichochongwa, hauna chuma wala sumu. Hulenga kitu kilicho karibu, hukosa, huufuata mshale, hurudi kulenga tena. Akikua kidogo huwinda ndege na wanyama wadogo. Upinde wa mtu mzima, ambao kuuvuta huweza kuhitaji nguvu ya kilo 30, huufikia baada ya miaka mingi. Na hata hapo hunyata kwanza asogee karibu na mnyama, ndipo auachie mshale.

Je, hiyo si ile kanuni tuliyoihubiri katika vyuo vya ualimu, kwamba tutoke kwenye jepesi twende kwenye gumu? Lakini mtoto huyo akikosa kuja darasani, tunaandika kwamba hajafundishwa kitu. Nami niliyaamini hayo miaka mingi, na ninaona haya.

Kwa hiyo, wewe unayeanza kujifunza upinde, usitafute kipaji. Chukua upinde unaoweza kuuvuta bila kutetemeka, simama karibu na shabaha, na kila siku uufuate mshale wako mwenyewe.